Nimeapa mara tatu, na mara tatu nimerudi

SWALI

Maalim, assalaamu alaykum. Mimi ni kijana wa miaka 24, mkaazi wa Langoni hapa Lamu, na kazi yangu ni ubaharia katika mashua ya mizigo iendayo Faza na Kizingitini. Nina maasi ninayoyafanya usiku, peke yangu, kwa simu, na sitayaeleza zaidi ya hapo. Nimejikaza, nimejizuia, nimejiapiza. Mara mbili nimesema "Wallahi sitarudi", na mara ya tatu nikasema kwamba nikirudi ni juu yangu kufunga mwezi mzima. Mara zote nimerudi, na hiyo ya mwisho ndiyo niliyokuwa nimejikaza kuliko zote. Sasa naona haya kuingia msikitini, na darsa nimeiacha. Watu husema nimtegemee Mwenyezi Mungu, lakini sielewi maana yake, kwa sababu anayeishika simu ni mimi, si mwingine. Je, mimi ni mnafiki? Na nifanye nini?

JIBU

Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Kwanza umefanya vyema kulifunika jambo lako na kutaja kiasi kinachotosha kujibiwa. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba umma wake wote utasamehewa isipokuwa wale wanaoyatangaza maasi yao, na akamtaja mtu aliyesitiriwa na Mola wake usiku, kisha asubuhi akaivua sitara hiyo kwa ulimi wake mwenyewe. Akitokea mtu, hata akiwa mwalimu wako, akakutaka umweleze zaidi, usimweleze.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kilichonishika si maasi yenyewe bali ni vitenzi vyako. Umejikaza, umejizuia, umejiapiza. Kila kitenzi kimebeba "ji" tumboni mwake, yaani mtendaji ni nafsi na mtendwa ni nafsi hiyo hiyo. Ile nafsi inayotamani ndiyo uliyoikabidhi kazi ya kujizuia isitamani, na ile iliyovunja kiapo cha kwanza ndiyo uliyoiweka kuwa mdhamini wa kiapo cha pili. Katika barua nzima halimo neno "nimeomba". Sidhani kwamba huombi kabisa, na bila shaka huomba msamaha baada ya kuanguka. Lakini ulipokuwa ukinihesabia silaha ulizopigania, dua haikukujia akilini kuwa ni mojawapo.

Sasa nije kwenye hoja yako kwamba anayeishika simu ni wewe. Hoja hiyo ni ya kweli, na nisingependa mtu akuondolee. Wanazuoni wa itikadi tunayosomeshwa katika mwambao huu, ambao ni Waashari, wanasema kuwa kitendo cha mja ni chumo lake, na kwa chumo hilo ndipo anapohesabiwa. Lakini nguvu anayotendea si yake, ameumbiwa. Mkono ni wako na hesabu ni yako, ila uwezo wa kuufumba na kuufumbua huo mkono hukuujaalia wewe. Ndiyo maana ya lile neno tunalolitamka kila tumsikiapo mwadhini akiita kwenye sala, "Laa hawla walaa quwwata illaa billaah", ambalo Mtume (s.a.w.) alimwambia Abu Musa al-Ash'ari kuwa ni hazina miongoni mwa hazina za Peponi. Wanazuoni wamelifasiri kwamba hapana hila ya kuyaepuka maasi isipokuwa kwa hifadhi ya Mwenyezi Mungu, na hapana nguvu ya kuitekeleza twaa, yaani utiifu, isipokuwa kwa msaada Wake. Sisi tumelifanya kuwa neno la kusema mtu akifiwa au chombo kikizama. Asili yake ni neno la mtu anayetaka kusimama na akajua kwamba miguu si yake.

Mwenyezi Mungu amesema katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 28, kwamba anataka kutukhafifishia, na kwamba mwanadamu ameumbwa dhaifu. Watu huitoa aya hii mahali pake na kuifanya ya jumla, lakini ukizisoma aya zilizo kabla yake utaona kwamba zinazungumzia ndoa na matamanio, na wafasiri wa zamani wameutaja udhaifu huu hasa katika mlango huo. Basi udhaifu unaokuliza wewe umetajwa kwa jina, na umetajwa ukiwa ni sababu ya Mola kutukhafifishia. Haukutajwa ili tuaibishwe.

Mfano ulio bora kuliko yote katika jambo lako ni wa Nabii Yusuf (a.s.), na ningependa tukae hapo kidogo, kwa sababu wengi wetu tumeisikia hadithi yake tangu vyuoni, yaani madrasa, bila kuiangalia vizuri. Alikuwa kijana, mgeni, mtumwa katika nyumba ya watu, na bibi wa nyumba akamtaka, akaifunga milango. Yusuf hakusema, "Mimi ni mwana wa Ya'qub, siwezi kufanya hivyo." Neno lake la kwanza lilikuwa "Ma'aadha Llah", najikinga kwa Mwenyezi Mungu. Baadaye, wanawake wa mji walipokusanyika na vitisho vikazidi, aliomba dua ambayo kila kijana angeihifadhi: alisema kwamba gereza analipenda kuliko analoitiwa, na kwamba Mola wake asipomwondolea vitimbi vya wanawake hao, atawaelekea na atakuwa miongoni mwa wajinga. Huyu ni Nabii, mwana wa Nabii, mjukuu wa Nabii, na anasema waziwazi kwamba akiachiwa nafsi yake ataanguka. Aya inayofuata inasema kuwa Mola wake alimwitikia. Wewe, mwanangu, ulikuwa ukisema "Wallahi sitarudi", naye alikuwa akisema "usiponiepusha, nitaelekea". Nani kati yenu aliyeijua nafsi yake zaidi?

Lakini angalia na upande wa pili. Yusuf aliyesema "najikinga kwa Mwenyezi Mungu" hakubaki amesimama katikati ya chumba akingoja malaika wamnyanyue. Qur'ani inasema kwamba walishindana kuukimbilia mlango, na kanzu yake ikachanwa kwa nyuma. Mlango huo ulikuwa umefungwa, naye alijua kwamba umefungwa, na bado aliukimbilia. Kukimbia kulikuwa kazi yake na kufunguka kwa mlango hakukuwa kazi yake, na ile kanzu iliyochanwa katika mbio hizo ndiyo iliyokuja kumtolea ushahidi. Mimi nikiulizwa tawakkuli, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu, ni nini, huwajibu watu kwa aya hii kabla ya nyingine yoyote.

Umesema pia kwamba siku uliyojikaza kuliko zote ndiyo uliyoanguka, nawe unaliona jambo hilo kuwa la ajabu. Si la ajabu. Siku ya vita vya Hunayni, katika mwezi wa Shawwal mwaka wa 8 Hijria, Waislamu walitoka wakiwa 12,000, wale 10,000 walioingia Makka na 2,000 wa watu wa Makka yenyewe, nao hawakuwahi kuwa wengi hivyo kabla ya siku hiyo. Baadhi yao wakaona kwamba leo hatushindwi kwa uchache. Walipoteremka bondeni alfajiri, maadui wao wa kabila la Hawazin waliokuwa wamejificha wakawamiminia mishale, na jeshi likatawanyika, akabaki Mtume (s.a.w.) na watu wachache. Sura ya At-Tawba, aya ya 25, inawakumbusha kwamba wingi wao uliwapendeza na haukuwafaa kitu, na ardhi ikawa dhiki kwao pamoja na upana wake. Kisha utulivu ukateremshwa, nao wakarudi wakashinda. Miaka sita kabla yake, katika vita vya Badri, walikuwa mia tatu na kitu, na lililotajwa hapo ni kwamba walikuwa wakimwomba Mola wao uokozi. Imani ya Hunayni haikuwa pungufu ya ile ya Badri, na Mtume alikuwa kati yao siku zote mbili. Kilichotofautiana ni mahali moyo ulipoegemea kabla ya vita kuanza.

Na sisi watu wa Lamu tunasimuliwa jambo kama hilo kuhusu vita vya Shela, kiasi cha mwaka 1812, pale jeshi la Mombasa na Pate liliposhuka ufukweni likiwa na hakika ya ushindi, na liliposhindwa na kukimbilia vyombo vyake likakuta maji yamekupwa na vyombo vimelala mchangani. Nimelitaja kwa kupita tu, ingawa ukienda Shela hujui ni mara ngapi umekanyaga mchanga huo.

Utaniuliza basi, tuache kujikaza? Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea upande wa pili. Kuna tawakkuli na kuna tawaakuli. Ya kwanza ni kumtegemea Mwenyezi Mungu, na ya pili ni uvivu uliovalishwa kanzu. Mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake na ategemee au amwache na ategemee, akaambiwa, "Mfunge na utegemee." Katika hadithi nyingine iliyopokewa na Muslim anasema, kwa maana yake, pupia kinachokufaa, na umtake msaada Mwenyezi Mungu, na usishindwe kwa unyonge. Ameanza na pupa ya mja na akamaliza kwa kukataza unyonge, na kuomba msaada amekuweka katikati.

Wewe ni baharia na njia yako ya Faza hupita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, kwa hiyo jambo hili unalijua kwa mikono yako kuliko mimi niliyelisoma. Maji yakiwa yamekupwa, mashua iliyosheheni haipiti. Washuke mabaharia ishirini wenye misuli waisukume na saruji yake juu ya tope, watajichubua mabega na mashua itakuwa pale pale. Nahodha hajazi maji, na hakuna nahodha aliyewahi kudhani kwamba anayajaza. Lakini nahodha huyo huyo halali nyumbani kwake akisema kwamba maji yakijaa mashua itajipeleka. Huuhesabu mwezi, akajua siku za bamvua, maji yajaapo sana, na siku za maji mafu, yajaapo kidogo. Hupakia mapema, hukagua injini, huwaamsha mabaharia saa nane za usiku ikiwa ndiyo saa ya maji. Ajizi ya nahodha haiyazuii maji kujaa, ila yatajaa na kupwa yeye akiwa kitandani. Viapo vyako vilikuwa ni kusukuma mashua juu ya tope.

Kwa hiyo yaliyo juu yako ni haya, nami nitayasema kwa ufupi kwa sababu si magumu kuyaelewa. Omba kabla ya vita, si baada ya kushindwa. Unaijua saa yako. Kila mtu mwenye maasi ya siri anaijua saa yake. Kabla ya saa hiyo kufika, tawadha, sali rakaa mbili, na katika sijda omba kwa lugha yako kwa maneno ya Yusuf: Mola wangu, usiponiepusha nitaelekea. Na asubuhi na jioni soma dua ambayo Mtume (s.a.w.) alimfunza binti yake Fatma: "Yaa Hayyu yaa Qayyuum, birahmatika astaghiith, aslih lii sha'nii kullah, walaa takilnii ilaa nafsii tarfata 'ayn." Maana yake ni kuomba kwa rehema za Aliye Hai na Msimamizi wa kila kitu kwamba akutengenezee mambo yako yote, wala asikuachie nafsi yako hata kwa muda wa kupepesa jicho. Ikiwa binti wa Mtume alifunzwa kuomba asiachiwe nafsi yake kwa kupepesa jicho, wewe uliyeiachia nafsi yako usiku mzima na kuilinda kwa kiapo ulitarajia nini?

Kisha ukimbilie mlango. Simu hiyo isilale chumbani mwako. Najua nahodha hukupigia usiku kwa ajili ya maji, basi nunua ile simu ndogo ya mulika mwizi ya kupokelea simu za kazi, na hii kubwa mpe mama yako akuwekee tangu baada ya Isha, wala huna haja ya kumweleza sababu. Mwambie tu inakunyima usingizi, na hapo hukusema uongo. Usilale peke yako ikiwa nyumbani kuna ndugu unayeweza kulala naye chumba kimoja. Yule mtu aliyeua watu 99 akaongeza wa mia, katika hadithi ya Abu Said al-Khudri, mwanachuoni aliyemfaa alimwambia kwamba mlango wa toba uko wazi, na pamoja na hayo akamwamrisha auhame mji wake, kwa kuwa ni mji wa uovu. Toba ilimtosha mbele ya Mola wake, na bado aliambiwa ahame. Ukiona jambo limekuzidi hata kazi na usingizi vinaharibika, kumwendea daktari au mtoaji ushauri nasaha aliye mwaminifu hakupingani na tawakkuli, kwani Mtume (s.a.w.) ameamrisha kujitibu.

Na ikiwa una uwezo wa kuoa, oa. Ikiwa mahari bado, funga. Hayo ni maneno ya Mtume (s.a.w.) kwa vijana, aliyoyapokea Ibn Mas'ud, na ndani yake saumu imetajwa kuwa ni kinga. Tazama jinsi ulivyoigeuza: saumu uliyopewa kuwa ngao uliifanya kiboko cha kujichapia baada ya kuumia. Funga Jumatatu na Alhamisi sasa, kabla ya kuanguka, kwa siku ambazo kazi ya baharini inakuruhusu.

Unafiki? Mnafiki haandiki barua kama yako. Amepokea Bukhari kutoka kwa Umar kwamba zama za Mtume (s.a.w.) palikuwa na mtu aitwaye Abdullah ambaye aliletwa mara kwa mara kwa kunywa pombe na akaadhibiwa, hata mmoja wa waliokuwapo akamlaani kwa wingi wa mara anazoletwa. Mtume akamkataza kumlaani, akasema kwamba anavyojua yeye mtu huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Adhabu haikuondolewa, maasi hayakuitwa madogo, na mapenzi yake pia hayakukanushwa. Kinachonihofisha kwako ni kule kukata tamaa kwako kuliko hata kule kuanguka. Wajuzi wa mambo ya nyoyo wamesema tangu zamani kwamba alama ya mtu kuyategemea matendo yake ni kupungukiwa na matumaini anapoteleza. Mtu aliyekuwa akimtegemea Mwenyezi Mungu, akianguka, humkuta Mola wake yuko vile vile, kwa hiyo huinuka mara moja akatubu. Aliyekuwa akijitegemea mwenyewe, akianguka, tegemeo lake lote limeanguka pamoja naye, naye hujiona hana pa kurudi. Haya yako ya kuingia msikitini si ile haya iliyo tawi la imani. Ni kiburi kilichojeruhiwa, na unisamehe kwa kusema hivyo, kwa sababu nami nimekijua kutoka ndani.

Rudi kwenye darsa, mwanangu, wiki hii hii. Wewe ni mtu wa Langoni, na Msikiti wa Riyadha uko jirani yako. Habib Swaleh, aliyeuasisi zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alijulikana kwa kuwafungulia mlango wa elimu watu ambao wakubwa wa mji wa zama zile hawakuwaona kuwa wanastahiki kuusogelea. Mlango uliofunguliwa kwa nia hiyo hautakufungia wewe, na hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi, au akikuuliza mjibu kwamba ulikuwa safarini.

Limebaki deni. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, ukiapa, ukavunja, kisha ukaapa upya na ukavunja tena, kila kiapo kina kafara yake. Kwa hiyo viapo vyako viwili vina kafara mbili. Kafara, kama ilivyo katika Sura ya Al-Maida, aya ya 89, ni kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, jambo ambalo leo halipo, na anayeshindwa na hayo ndiye anayefunga siku tatu, si lazima ziwe mfululizo. Wengi huikimbilia saumu hali wana uwezo wa kulisha, na hapo kafara haijatoka. Wewe unafanya kazi, basi lisha. Ama lile neno la kufunga mwezi mzima, hiyo ni nadhiri ya mtu anayejizuia kwa kujitisha, na kauli iliyo na nguvu katika madhehebu ni kwamba una hiari: utekeleze uliyojiwekea, au utoe kafara ya kiapo. Ninakushauri utoe kafara, kwa sababu kazi yako ya baharini itakufanya uvunje na hilo. Zitakuwa kafara tatu. Kila maskini apate mudi moja ya chakula cha mji, ambayo wazee wetu wakiipima kwa kibaba, na ukitoa robo tatu ya kilo ya mchele kwa kila mmoja utakuwa umechukua tahadhari ya kutosha. Jumla ni vibaba thelathini. Kwa kila kafara wawe watu kumi kweli, usimpe mtu mmoja vyote kumi kwa kuwa nyumba yake iko karibu, na toa mchele wenyewe, kwani thamani yake kwa pesa haitoshi katika madhehebu yetu. Si lazima uutoe wote kwa siku moja. Na kuanzia leo usiape tena juu ya jambo hili.

Wallahu a'lam.